Dodoma ni kavu, lakini paa lako linamwaga maji mengi

Wengi huamini kwamba Dodoma, kwa ukame wake, haina haja ya kuhangaika na maji ya mvua, sembuse paa lenye udongo na mimea. Imani hiyo ina msingi: kwa mwaka hunyesha takribani milimita 550 hadi 600. Ila karibu zote hushuka kati ya Desemba na Aprili, mara nyingi kwa kishindo, na korongo lililokuwa kavu asubuhi hufurika jioni.

Pima mwenyewe. Weka uani kopo lenye kuta zilizonyooka. Mvua ikikatika, ingiza rula. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi milimita 30 kwenye bati la mita za mraba 100 ni lita 3,000, karibu zote mtaroni papo hapo. Udongo wa paa la mimea hunywa sehemu na kuchelewesha nyingine. Ukishashiba hauzuii tena, kwa hiyo mitaro bado inahitajika.

Tembe la Wagogo, nyumba yao ya jadi, nalo hubeba udongo juu, japo ule hushindiliwa maji yasipenye. Kabla ya kupanda chochote, muulize fundi kama kuta zitahimili udongo uliolowa, maana huo ndio mzito.