Chuo cha Sanaa, Ughaibuni na Mtindo wa Mchoraji

Vijana ninaowafundisha kuchora hapa Mwanza huniuliza kama ni lazima mtu apite chuo cha sanaa, hasa cha nje, ndipo apate mtindo wake. Huwajibu kwamba chuo huufundisha mkono kulitii jicho, na ughaibuni humlazimisha mchoraji kuamua ni yapi kati ya aliyoyazoea atayashikilia. Mtindo huzaliwa katika uamuzi huo.

Ya mkono hufundishika popote penye mwalimu mvumilivu: kuchora kwa mkaa mwili wa mtu aliyeketi mbele yako, kupima uwiano, kuandaa turubai. Kigumu zaidi ni kile kikao ambacho kazi hutundikwa ukutani na kila mwanafunzi akatakiwa kueleza kwa nini amechora alivyochora. Sisi tuliolelewa tusijibizane na wakubwa hukiona mwanzoni kuwa utovu wa adabu, lakini ndicho kinachomzoesha mtu kuutetea uamuzi wake.

Mfano ninaoupenda ni Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame. Alifundishwa Makerere na Margaret Trowell, Mwingereza ambaye, ingawa mwenyewe alisoma Slade, chuo cha sanaa jijini London, hakutaka wanafunzi wake waige Ulaya, bali aliwahimiza wachore maisha waliyoyajua. Miaka ya 1950 Ntiro naye akaenda Slade, na alipotoka akaendelea kuchora migomba, vilima na watu wa Kilimanjaro, wadogo wasiotofautishwa kwa nyuso, wakifanya kazi pamoja. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Museum of Modern Art ya New York. Wanaodhani kwamba Slade haikumfunza kitu siwaelewi, kwa sababu mtu aliyepita chuo kile anajua uso unavyochorwa, na asipouchora ameamua hivyo.

Ibrahim El-Salahi wa Sudan, aliyesoma chuo hichohicho miaka hiyohiyo, alipita njia nyingine. Aliporudi Khartoum na kuonyesha kazi zake, watu hawakuvutiwa nazo, naye akazunguka nchini mwake kutazama maandishi ya Kiarabu na mapambo ambayo watu wa kawaida waliyaweka majumbani mwao, hadi herufi zenyewe zikaanza kuvunjika na kugeuka maumbo katika picha zake. Mmoja aliondoka na mtindo wake na kurudi nao. Mwingine aliupata nyumbani, baada ya masomo.

Kwangu mimi, masomo ya nje yalibadilisha zaidi jinsi ninavyoona vivuli. Kaskazini mwa Ulaya, jua la majira ya baridi hupita chini karibu na upeo, vivuli hurefuka, na jicho hujifunza kutofautisha kijivu kimoja na kingine. Mwanza iko takriban nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, na jua la saa sita mchana husimama karibu na utosi, kivuli kikabanwa chini ya jiwe. Wengi hupaka mawe yetu kwa nyeusi na nyeupe tu, na jiwe hutoka limekufa. Mimi huchanganya buluu ya ultramarini na kahawia ya udongo uliochomwa. Kwenye Jiwe la Bismarck, lililo ziwani hapa Mwanza, huzidisha kahawia upande unaopigwa na jua, na buluu upande unaopokea mwanga wa maji, kisha hubakiza michirizi myeupe ya kinyesi cha ndege, ambayo wauzaji wa picha za watalii huifuta (sijui jiwe lisilotuliwa na ndege wameliona wapi).

Asiye na nauli wala ada ya chuo cha nje anaweza kuanzia Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma, akakaa na daftari mbele ya ngoma na viti vya watemi mpaka ajue kila umbo limejengwaje. Aliyepata nafasi ya kwenda nje, kwanza humtaka achore mwalo wa Kirumba akiwa chumbani, bila picha ya simu: mitumbwi, magunia ya dagaa, akina mama wanaopepeta. Akishakaa huko mwaka mmoja, auchore tena kutoka kichwani, anitumie michoro yote miwili. Yatakayoonekana katika yote miwili ndiyo ninayomshauri aanze nayo kazi yake ya mwaka wa pili.