Je, wajua kwa nini vijana wawili wenye uzito sawa wanaweza kuwa na maini yasiyofanana?

Tuchukue wanafunzi wawili wa Lubumbashi, wote wa miaka 15 na urefu uleule, ambao mizani imewapa kilo 85 kila mmoja. Mmoja amenenepa mapaja na makalio, mwingine tumbo limemtangulia. Ini la wa kwanza laweza kuwa safi, ilhali la wa pili limeshajaa mafuta, ingawa hajawahi kuonja pombe.

Mizani hutaja uzito bila kusema mafuta yamekaa wapi. Daktari Mfaransa Jean Vague wa Marseille alieleza tangu mwaka 1947 kwamba unene wa kiunoni kwenda juu huambatana na maradhi kuliko ule wa mapajani. Mafuta yaliyo chini ya ngozi yamo katika ghala lake halali. Ghala hilo likijaa, au mtu akiwa amezaliwa na dogo, ziada hutafuta nafasi kati ya matumbo, ndani ya misuli na katika ini, ambalo kwa kawaida halipaswi kuzidi asilimia 5 hivi ya mafuta.

Umri wa kubalehe huongeza uzito wa jambo hili. Katika miaka hiyo mwili wa kila kijana huwa mkaidi kwa insulini, homoni ambayo, pamoja na kazi nyingine, huzuia seli za mafuta zisimwage mafuta yake katika damu. Kwa kijana mnene ukaidi huo huzidi: seli za mafuta hazisikii tena, mafuta humiminika kwenye damu na kufika katika ini, nalo ini, kwa ajabu, huendelea kutii amri ya insulini ya kutengeneza mafuta mapya. Wasichana hupata nafuu kidogo kwa kuwa homoni zao huyaelekeza mafuta mapajani, na ndiyo maana wavulana huugua zaidi.

Hapo ndipo sukre zetu, yaani soda na vinywaji vingine vya sukari, zinapoingia. Chupa ya sentilita 30 ya kola ina zaidi ya gramu 30 za sukari, na karibu nusu yake ni fruktosi, ambayo sehemu kubwa huishia kwenye ini na kugeuzwa mafuta kwa urahisi. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2019, wavulana wenye ini la mafuta waliopunguziwa sana sukari ya kuongezwa kwa wiki 8 walishuka kutoka wastani wa asilimia 25 za mafuta kwenye ini hadi 17, wakati wenzao walioendelea kula kama kawaida walitoka 21 hadi 20 tu. Kwa maoni yangu, mzazi anayemnyima mtoto bukari (ugali) huku akimwachia sukre kila siku ameshika pasipo.

Urithi nao una sehemu yake. Utafiti wa Dallas, Marekani, wa mwaka 2004 ulikuta ini la mafuta kwa asilimia 24 ya watu wazima weusi, 33 ya weupe na 45 ya wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mwaka 2008 jeni iitwayo PNPLA3 ilisaidia kueleza sehemu ya tofauti hiyo. Msomaji wa Katuba au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, asijipongeze mapema, kwani mtu mweusi mwenye ini safi bado anaweza kupata kisukari.

Ini lenye mafuta kwa kawaida haliumi. Dalili inayoonekana mara nyingi iko shingoni: ngozi nyeusi, nene na laini kama mahameli, ambayo mama huisugua kwa sabuni akidhani ni uchafu, kumbe ni alama ya ukaidi wa insulini. Ekografi, yaani picha ya ini kwa mawimbi ya sauti, husaidia, lakini mafuta yakiwa kidogo huweza kuyakosa. Na vimeng'enya vya ini vikipanda katika damu, daktari wa kwetu hana budi kupima pia homa ya ini ya aina B, kwani nayo huweza kuvipandisha. Nyumbani, utepe wa fundi cherehani watosha kwa kuanzia: upitishwe katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga, kijana akiwa ametoa pumzi. Mwenye urefu wa sentimita 160 ambaye kiuno chake kimefika 80 au zaidi apelekwe kwa daktari, hata kama mizani haijamshtua mtu.