Kasi ya uso wa rola: anzia kwenye kibao cha mota

Kabla ya kununua au kubadilisha gia yoyote ili kurekebisha kasi ya uso wa rola, yaani kasi ambayo uso wake husogeza karatasi, soma kibao kilichobandikwa kwenye mota. Mota ya nguzo nne (ncha nne za sumaku) kwenye umeme wa hezi 50 mara nyingi huandikwa mizunguko 1440 hivi kwa dakika, si 1500. Hiyo 1500 ni kasi ya uga wa sumaku; rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, ikibeba mzigo hubaki nyuma kidogo. Ukipiga hesabu kwa 1500, umeshakosea asilimia 4 hata kabla hujahesabu jino moja.

Sasa meno. Tuseme gia ya mota ina meno 18 na inazungusha yenye meno 72. Gawanya meno ya inayozungushwa kwa meno ya inayozungusha: 72 ÷ 18 = 4. Shafti ya pili itazunguka 1440 ÷ 4 = 360. Shafti hiyohiyo ina sproketi (gurudumu la meno la mnyororo) ya meno 15 inayovuta kwa mnyororo sproketi ya rola yenye meno 45. Hapo uwiano ni 3, na rola inapata mizunguko 120. Uwiano wa jumla ni 4 × 3 = 12. Wengi hujumlisha wakapata 7, kisha wanashangaa mashine kuchelewa. Gia ya kati iliyowekwa kugeuza upande wa mzunguko tu usiihesabu.

Kasi ya uso ni 3.1416 × kipenyo kwa mita × mizunguko. Rola ya milimita 100: 3.1416 × 0.1 × 120 = mita 37.7 kwa dakika.

Kipenyo hicho kipime kwenye rola yenyewe, mashine ikiwa imezimwa, kwa kalipa, katikati na karibu na ncha zote mbili. Usichukue cha kwenye mchoro. Raba ikilika hadi milimita 96, kasi hushuka hadi mita 36.2. Pengo la mita 1.5 kila dakika ni kubwa sana pale rola mbili zinapopitisha karatasi moja: iliyolika ikiwa ile ambayo karatasi huifikia mwisho, karatasi hulegea na kujikunja katikati, ikiwa ile ambayo huifikia kwanza, huvutwa hadi ikachanika. Hapo usiguse gia. Rola zote mbili zirudishwe kipenyo kimoja.

Mwisho hakikisha kwa takometa, kifaa cha kupima mizunguko. Gia na mnyororo havitelezi, kwa hiyo namba zikipishana, hesabu meno upya na uangalie kama kidhibiti cha mota kimewekwa hezi nyingine. Mkanda wa V ndio huteleza, kwa kawaida asilimia 1 hadi 2.