Poligoni: idadi inayokuamulia kompyuta ya kuchongea

Kijana wa Arusha anayetaka kujifunza kuchonga sanamu kwenye kompyuta, kwa programu kama ZBrush au Blender, huingia duka la laptopu na swali moja: "Ina graphics ya GB ngapi?" Swali si baya, ila limewahi. Kwanza aijue poligoni.

Poligoni ni kipande bapa, mara nyingi cha pembe nne, na umbo lolote la kwenye skrini limeungwa kwa vipande hivyo. Mchonga mpingo ana gogo analolipunguza. Huyu wa kompyuta ana ganda tu, ndani hamna kitu, na ganda lina undani kulingana na wingi wa vipande vyake. Ukitaka kunyanzi kando ya jicho la mzee, vipande vya pale sharti viwe vidogo kuliko kunyanzi lenyewe. La sivyo brashi inapita na haiachi alama.

Ili kuvipata, programu hukata kila poligoni kuwa nne, na hapo ndipo hesabu inapotimua mbio. Mchemraba una pande 6. Ukigawa mara moja unapata 24, mara tano 6,144, mara kumi 6,291,456. Kila mgawo ni ngazi moja. Ndiyo maana mashine iliyokuwa inateleza vizuri ngazi ya nane huganda ngazi ya kumi: haijaharibika, imebebeshwa mzigo mara 16.

Mzigo huo unakaa kwenye RAM, kumbukumbu ambayo kompyuta huitumia wakati wa kazi. Mahali ilipo kila pembe huandikwa kwa namba tatu, kwa kawaida baiti 12, kwa hiyo pembe milioni 6 ni kama MB 72 tu. Kidogo, sivyo? Ila programu inatunza pia pembe ipi imeungana na ipi, uso umeelekea wapi ili mwanga ukae sawa, na historia ya mikwaruzo yako ili uweze kurudi nyuma. Tena sanamu si kitu kimoja. Mchonge mama wa Kimasai na mapambo yake: shanga moja ya poligoni 384 si kitu, lakini shanga 2,000 ni poligoni 768,000, na uso bado hujaugusa.

Kwa kujifunza, RAM ya GB 8 itakuvusha. Kwa kazi ya mteja ningeanzia 16, na 32 ndiyo raha. Muulize muuzaji kama RAM inaongezeka, maana laptopu nyingi nyembamba zimechomelewa RAM kwenye bodi na hapo huna la kufanya.

Prosesa ndiyo inayosukuma vipande hivyo brashi inapopita, na ndiyo yenye mtego mkubwa kwenye laptopu zilizotumika. Watu wananunua jina "i7". Core i7-6600U ina viini 2, yaani sehemu 2 za kufanyia hesabu. Core i5-8250U, iliyotoka baadaye, ina viini 4, na kwa kuchonga mimi ningechukua hiyo i5 bila kusita. Soma namba yote, usiishie kwenye stika. Herufi U mwishoni ni ya prosesa iliyoundwa kula umeme kidogo; H ina nguvu zaidi, ila inapata joto na betri inakwisha upesi.

Sasa graphics, yaani kadi inayochora picha za kwenye skrini. ZBrush ya kompyuta huchonga kwa prosesa na RAM. Kadi ya bei mbaya haitakuongezea poligoni. Blender inaitumia kadi kuonyesha umbo kwenye skrini, na inafaidika nayo sana wakati wa kutoa picha ya mwisho kwa Cycles, sehemu ya Blender inayofanya kazi hiyo. Kwa hiyo anayetoa picha na video awekeze kwenye kadi. Anayechonga tu, pesa hiyo aipeleke kwenye RAM.

Diski iwe SSD, ile ya kasi isiyo na sahani inayozunguka; hilo halina mjadala. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, betri ya akiba, maana umeme ukikatika kilichopotea ni kila ulichochonga tangu ulipohifadhi mara ya mwisho.

Mausi haijui umekandamiza kwa nguvu kiasi gani, kwa hiyo kila mkwaruzo unatoka na kina kilekile. Kibao cha kuchorea chenye kalamu kinajua. Matangazo hujivunia ngazi 8,192 za mkandamizo. Cha zamani chenye 2,048 kinatosha kabisa, mradi kalamu yake ipo. Dukani wakikuuzia kibao bila kalamu, kiache hapohapo.