Chumvi Iliyojificha Chini ya Rangi: Namna ya Kuipaka Injini ya Boti Ili Ihimili Maji ya Bahari

Injini ya boti inapoletwa karakanani ikiwa imepakwa rangi miezi michache tu iliyopita, na tayari imeota malengelenge, jambo la kwanza tunalolifanya ni kulipasua lengelenge moja kwa ncha ya kisu. Mara nyingi hutoka maji. Ngozi ya rangi iliyoyafunika maji hayo huwa nzima, haina ufa unaoonekana kwa macho, na bado inang'aa. Lakini ukiibandua na kupangusa unyevu, unakuta unga mweupe umeshikamana na alumini iliyokwisha kuchimbika vishimo vidogo vidogo. Mwenye boti huilaumu rangi, fundi naye humlaumu aliyeiuza. Kwa niliyoyaona, rangi yenyewe ni nadra kuwa na hatia, kwa sababu chumvi iliyoyavuta maji hayo ilikuwa juu ya alumini tangu siku rangi ilipopakwa.

Kila lita ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Tone likirukia injini na kukauka, maji huenda zake na chumvi hubaki, ikijificha zaidi kwenye kingo za bolti, chini ya vishikizo na ndani ya mikunjo ambayo mkono hauifikii. Karibu kila rangi hupitisha mvuke wa maji kwa kiasi kidogo sana, na chumvi iliyofungiwa chini yake huunyonya mvuke huo hadi ikawa maji mazito ya chumvi, ambayo nayo huvuta maji mengine kutoka nje kupitia ngozi ileile mpaka rangi inainuka. Hapo ndipo ulikaji unapoanza kwa kasi. Alumini kwa kawaida hujilinda kwa utando mwembamba wa oksidi unaojiunda wenyewe pindi inapokutana na hewa, lakini kloridi iliyomo katika chumvi huutoboa utando huo mahali hapa na pale, na kila tobo hugeuka kishimo kinachokwenda chini badala ya kutanuka juu. Kwa upande wa chuma, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo huisukuma rangi kutoka ndani na kuifungulia bahari mlango. Kwa hiyo fundi akiona unga mweupe ajue ni alumini inayoliwa, na akiona wekundu ajue ni chuma. Matibabu yake, kama tutakavyoona, hayafanani.

Kazi ya kupaka rangi, basi, huanza na ndoo ya maji baridi, kwa maana ya maji yasiyo na chumvi, na ikiwezekana yaliyopashwa moto kidogo kwa kuwa maji ya moto huyeyusha chumvi upesi. Mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Injini huoshwa kwanza kwa maji na sabuni, kisha mafuta na grisi huondolewa kwa dawa ya kuyeyushia mafuta, kisha huoshwa tena, na ndipo msasa unapoguswa. Anayeanza na msasa huisugua chumvi na grisi ndani ya mikwaruzo, na baada ya hapo hakuna kitambaa kitakachoitoa. Unapopangusa mafuta, tumia vitambaa viwili, kimoja cha kupaka dawa na kingine kikavu cha kuyapokea mafuta kabla hayajakauka, na uvibadilishe mara kwa mara. Kitambaa kimoja kilichokwisha kujaa mafuta kazi yake ni kuyahamisha tu kutoka pembe hii hadi ile.

Ipo njia rahisi ya kujua kama mafuta yameisha. Mwagia maji safi sehemu uliyoisafisha na uitazame kwa nusu dakika: yakitandazika kama shuka moja isiyokatika, hapo ni safi, yakijikusanya vitone vitone kama juu ya jani la mgomba, bado pana mafuta, hata kama kidole hakiyahisi. Kipimo hicho lakini hakioneshi chumvi. Karakana kubwa zina vifaa maalumu vya kupimia kloridi, ila asiyekuwa navyo hana budi kuosha na kusuuza zaidi ya mara moja, akitumia brashi laini kuzunguka kila bolti, na kuyabadilisha maji ya ndoo kila mara badala ya kuirudisha chumvi ileile palepale ilipotoka.

Rangi ya zamani iliyoshika vizuri haina haja ya kung'olewa yote. Kinachotakiwa ni kuondoa yote iliyolegea, kisha kulainisha kingo zake kwa msasa mpaka ukipitisha ukucha usikwame. Msasa namba 80 unatosha kwa kutu nzito, 120 hadi 180 kwa chuma kilichobaki wazi, na 240 au 320 baina ya mkono mmoja wa rangi na mwingine. Kwenye alumini, brashi ya waya wa chuma haifai hata kidogo, kwani huacha chembe za chuma ambazo zitakuja kuota kutu na kuiharibu alumini iliyo jirani. Tumia brashi ya nailoni au msasa wenyewe. Vishimo vyenye unga mweupe vichokolewe mpaka metali ing'ae chini kabisa. Nasisitiza pia kwamba kostiki soda, ambayo baadhi ya watu huipenda kwa kuwa hubandua rangi upesi, isikaribie injini yenye alumini: huiyeyusha alumini yenyewe na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka ikikutana na moto.

Rangi ya msingi, ambayo mafundi huiita praima, huchaguliwa kwa kufuata metali. Chuma hupokea vizuri praima ya epoksi (rangi ya utomvu wa plastiki inayochanganywa na dawa ya kuigandisha) yenye fosfati ya zinki. Alumini huhitaji praima yenye asidi inayoing'ata, au epoksi iliyotengenezwa mahususi kwa ajili yake, na ipakwe saa chache tu baada ya msasa, kwa sababu oksidi huanza kurudi papo hapo. Zipo epoksi nyingi ambazo hazitakiwi kuwekwa juu ya praima ya asidi, na hapa karatasi ya maelekezo ya mtengenezaji ina kauli ya mwisho kuliko mazoea ya fundi yeyote. Injini za zamani huenda zikawa na praima ya manjano au ya kijani-manjano yenye kromati ya zinki. Hiyo isipigwe msasa mkavu, kwa kuwa vumbi lake lina kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Ilowanishwe kwanza, na anayeifanyia kazi avae barakoa ya kuchuja vumbi.

Hali ya hewa nayo ina lake. Kanuni inayofuatwa na wapaka rangi wa vyombo vya baharini ni kwamba joto la metali liwe juu ya kiwango cha kufanyika umande, yaani joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone, kwa angalau nyuzi 3 za Selsiasi, na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Bloku ya injini ni pande zito la chuma linalopoa usiku kucha na kupata joto polepole. Asubuhi hewa inapokwisha kupashwa na jua, chuma bado ni baridi, na unyevu huganda juu yake kama unavyoganda kwenye glasi ya maji ya barafu. Subiri mpaka kikauke na kipate joto, kisha paka kivulini, mbali na upepo wa baharini. Upepo huo hubeba chumvi, na rangi iliyolala usiku kucha ufukweni isipooshwa kwa maji baridi na kukaushwa kabla ya mkono unaofuata, fundi atakuwa ameifungia chumvi katikati ya rangi zake mwenyewe.

Rangi ikiwa mbichi hujivuta na kukimbia ncha zote kali, ndiyo maana kutu ya kwanza huonekana daima kwenye kingo na vichwa vya bolti. Anza kwa brashi ndogo kupaka sehemu hizo peke yake, ziache zishike, kisha uipake injini nzima. Mikono miwili myembamba ya praima na miwili ya rangi ya juu ni bora kuliko mmoja mzito, ambao juu hukauka huku thina ikiwa imenaswa chini. Injini inayopigwa na jua isiishie kwenye epoksi, kwa kuwa epoksi huchujuka na kuwa kama chaki. Imalizie kwa poliyurethani, aina ya rangi ya juu inayohimili jua. Kwa injini ya ndani ya boti mimi hupendelea rangi nyeupe au ya kijivu hafifu, kwani tone la mafuta au mchirizi wa kutu huonekana juu yake siku ileile unapoanza. Ekzosi, yaani bomba la moshi, isiyopozwa kwa maji hufikia joto la nyuzi mamia kadhaa na huhitaji rangi ya silikoni ya kuhimili moto.

Yapo maeneo ambayo rangi ni adui. Niliwahi kuletewa injini ya kupachika nyuma ya boti, iliyopakwa kwa ustadi mkubwa, na mwenyewe alinionesha kwa fahari vipande vya zinki vya chini ya maji ambavyo baada ya mwaka mzima vilikuwa vizima kama vilivyotoka dukani. Vilikuwa vizima kwa sababu vilikuwa vimepakwa rangi pamoja na mguu wa mashine, na alumini iliyokaribiana na rafadha ya chuma kisichoshika kutu ilikuwa imeliwa kiasi cha kuingiza bisibisi. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya bahari huwa kama betri, na ile iliyo dhaifu huliwa. Zinki huwekwa itolewe mhanga kwa niaba ya alumini, na kwa hiyo inatakiwa iliwe. Isipakwe kamwe, igusane na metali iliyo wazi mahali inapofungwa, na ibadilishwe ikibaki nusu. Kanuni hiyo ni ya zamani: mwaka 1824 Humphry Davy, mwanakemia wa Uingereza, alionesha kwamba shaba iliyofunika matumbo ya meli huacha kuliwa ikiunganishwa na zinki au chuma. Meli hizo ziliota magugu na kome, kwa kuwa shaba iliyokuwa ikiyeyuka ndiyo iliyowazuia.

Shaba hiyohiyo ingali ndani ya rangi nyingi za kuzuia viumbe kuota, na haipaswi kupakwa kwenye mguu wa alumini, kwa sababu itaila. Tafuta rangi isiyo na shaba. Kabla ya kuanza, funika pia kwa utepe wa karatasi tundu linalotoa maji ya kupozea, sehemu nyaya za umeme zinapofungwa kwenye bloku, fimbo za haidroliki, mifereji ya mkanda, mipira ya maji na kibati chenye namba ya injini.

Poliyurethani ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha, ina kemikali ziitwazo aisosayaneti, ambazo huweza kumsababishia mtu pumu ya kudumu. Asiye na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba asiipulize, na kitambaa cha kufunga puani si kinga. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa na hushuka kukaa kwenye ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, hivyo fungua nyaya za betri na upitishe hewa ya kutosha kabla ya kupaka injini ikiwa ndani ya boti.

Rangi ya nje haiwezi kuzilinda njia za maji zilizomo ndani ya injini; hizo huzuiwa chumvi kwa kupitishiwa maji baridi kwa dakika kumi hivi kila baada ya safari. Kila bolti inayofunguliwa kwa spana huvunja rangi pembeni mwake. Weka kopo dogo la praima na la rangi ya juu pamoja na vifaa vya boti, na ukimaliza kukaza bolti, ioshe, ikaushe, kisha uipake palepale kwa brashi kabla ya kurudi majini.