Nukta ikiwa katikati ya ziwa

Jioni moja tajiri mwenye Fuso za kubeba dagaa alinipigia simu akihema: "Kijana, gari langu limezama!" Nikafungua ramani inayoonyesha gari lilipo. Kweli, nukta ilikuwa majini, swichi imezimwa, mwendo kilomita 14 kwa saa. Gari lililozama halitembei, mzee wangu. Lilikuwa juu ya kivuko, likivuka kutoka Kamanga kuja mjini.

Mimi ni fundi wa kufunga vifaa vya kufuatilia magari hapa Mwanza, na hofu nyingi ninazoletewa zina mzizi mmoja: watu wanaamini setilaiti inaliona gari. Haioni kitu. Setilaiti za GPS ziko kama kilomita 20,200 juu yetu, zinatangaza saa na mahali zilipo, basi. Kifaa ndicho kinachosikiliza. Kikizipata angalau nne, kinapiga hesabu ya mahali kilipo, kisha kinatuma jibu kwa laini ya simu iliyo ndani yake. Bando likiisha, au gari likiingia pasipo na mtandao, nukta inaganda pale pale. Kwa hiyo kabla ya kumfokea dereva, tazama saa ya taarifa ya mwisho.

Ugomvi mkubwa zaidi uko kwenye mafuta. Boya la ndani ya tenki hupima kimo cha mafuta, halipimi lita. Ndiyo maana tukilifunga tunajaza tenki kidogo kidogo, lita 20 kwa 20, tukiandika kila hatua (kazi ya kuchosha, na mafundi wa haraka huiruka). Hata hivyo, liegeshe gari kwenye mteremko, na mji wetu huu wa mawe hauna uhaba wa miteremko, grafu ya mafuta itashuka kana kwamba mtu ameingiza mpira wa kunyonya. Asubuhi likisimama tambarare, mafuta "yanarudi". Yaliyonyonywa hayarudi.

Lori moja la mchanga lilikuwa linakula mafuta kupita mwenzake wa njia ileile. Tajiri alishaandaa barua ya kumwachisha dereva kazi. Ripoti ikaonyesha injini inanguruma saa mbili, tatu kwa siku, gari limesimama foleni ya kupakia. Nikamuuliza dereva kwa nini hazimi. "Bosi, betri imekufa tangu mwezi uliopita. Nikizima, nani atanisukuma?" Alikuwa ameshaomba betri mara mbili.

Ilinunuliwa siku hiyohiyo.