Je, wajua kwa nini waandishi wa programu huria husafiri kukutana, ilhali kazi yao yote iko mtandaoni?

Kila mwaka, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, baridi ya Ulaya ikiwa imekolea, maelfu ya waandishi wa programu huria humiminika Brussels kwenye mkutano wa FOSDEM. Hakuna kiingilio wala kujiandikisha. Unaingia kampasi ya chuo kikuu ya Solbosch, unatafuta chumba chenye mada unayoitaka, na ukichelewa unakuta mlangoni tangazo kwamba chumba kimejaa. Mkutano huu ulianza mwaka 2001 na huendeshwa na watu wa kujitolea. Mada hurekodiwa na kuwekwa mtandaoni, na yeyote anaweza kuzitazama bure akiwa kwake.

Swali linaanzia hapo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya, uko wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza. Wanaoiandika walizoea kufanya kazi kwa mbali zamani sana kabla ya sisi wengine kujua mikutano ya video. Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi Helsinki alipoitangaza Linux, kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1991 kwa ujumbe mfupi wa mtandaoni, na tangu siku hizo maelfu ya watu wamechangia, wengi wao bila kuonana hata mara moja. Sasa mtu anakata tiketi ya ndege kufuata nini?

Jibu la kwanza, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni kuaminiana.

Chukua Debian, mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, ulioanzishwa mwaka 1993 na ambao leo unaendesha seva nyingi mno duniani, yaani kompyuta zinazohudumia nyingine mtandaoni. Mwanachama wa Debian ana uwezo wa kupeleka programu ambayo itaishia ndani ya kompyuta za watu asiowajua, kwa hiyo ni lazima ijulikane yeye ni nani. Kila mmoja ana ufunguo wa kidijitali wa kutia saini kazi yake, na kwa kawaida anayetaka kujiunga huhitaji ufunguo wake uthibitishwe na walio ndani tayari. Kazi hiyo imekuwa ikifanyika sana mikutanoni. Watu husimama safu mbili wakitazamana, kila mmoja ameshika karatasi yenye orodha ya utambulisho wa funguo, tarakimu na herufi 40 kwa kila ufunguo. Unamwonyesha aliye mbele yako pasipoti, anaitazama picha, anakutazama wewe, anauliza kama namba iliyo kwenye karatasi ndiyo yako kweli, anaweka alama ya vema. Safu inasogea hatua moja, unakutana na mwingine. Wakirudi nyumbani kila mmoja hutia saini funguo za wale aliowahakiki. Ni kazi ya kuchosha, na sijaona njia ya mtandaoni iliyoipiku.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Tukio la mwaka 2024 linaeleza vizuri. Kuna programu ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili, iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa msimamizi mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Mwaka 2021 akajitokeza mchangiaji aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, msikivu. Wakati huohuo watu wengine wasiojulikana wakawa wanamwandikia msimamizi wakilalamika kwamba anachelewesha kazi na kwamba aongeze msaidizi. Msimamizi, ambaye alikuwa amechoka na alishasema hadharani kwamba afya ya akili inamsumbua, akampa Jia Tan mamlaka. Kikulacho ki nguoni mwako: matoleo mawili ya mwanzoni mwa 2024 yakatoka yakiwa na mlango wa siri wa kumwezesha mvamizi kuingia katika seva za wengine.

Aliyegundua ni Andres Freund, mmoja wa waandishi wa hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa akipima kasi ya jambo lingine kabisa, akaona kuingia kwenye seva kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Wengi tungeipuuza. Yeye akaifuatilia hadi chanzo chake, na tarehe 29 Machi 2024 akautangazia ulimwengu, kabla matoleo hayo hayajafika kwenye mifumo mingi inayotumika kila siku. Jia Tan alitoweka, na hadharani hajajulikana ni nani.

Sisemi kwamba kupeana mikono ukumbini kungemzuia mtu mwenye subira kama ile. Ninachokiona ni kwamba msimamizi yule alikuwa peke yake. Anayekaa na wenzake siku mbili, akala nao, akawaeleza kwamba kazi imemlemea, huondoka akijua wa kumpigia simu shinikizo litakapoanza.

Kuna pia suala la ugomvi. Maandishi hayana sauti wala uso, na hoja ya kiufundi hugeuka matusi upesi. Torvalds mwenyewe alijulikana kwa ukali wake katika baruapepe. Mwaka 2018 mkutano mdogo wa wasimamizi wakuu wa Linux ulipangwa kufanyika Vancouver, Kanada, kumbe yeye alikuwa ameshapanga kuwa Uskoti na familia yake siku hizo. Alidokeza kwamba wangeweza kukutana bila yeye. Wenzake wakaona afadhali kuuhamishia mkutano mzima Edinburgh, hukohuko Uskoti, na sakata hilo likamfanya ajitazame: Septemba mwaka huohuo akaomba radhi kwa lugha yake na kupumzika kwa muda. Ni watu wanaoongoza mojawapo ya kazi kubwa kabisa za mtandaoni, na bado waliona heri kuvuka bahari kuliko kumkosa mmoja mezani.

Jibu la tatu linatuhusu moja kwa moja. Agosti 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam, katika Kituo cha Mikutano cha Julius Nyerere. Jiji hilo lilikuwa na la kuwaonyesha wageni. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria ulikuwa umewapeleka wanafunzi wa vyuo na wakazi katika kata zinazofurika mvua zikinyesha, bonde la Msimbazi na jirani zake. Walitembea mitaani na ramani zilizochapishwa, wakachora kwa kalamu njia, nyumba na mitaro, kisha taarifa zikaingizwa OpenStreetMap, ramani huria ya dunia iliyoko mtandaoni, ambako kila mtu anaweza kuzitumia. Mwandishi wa programu aliyeko Ujerumani au Kanada anaweza kuandika zana nzuri sana ya kuchora mipaka, lakini hawezi kukisia kwamba chini ya mtaa kuna shina, yaani kundi dogo la nyumba jirani, kwamba shina lina mjumbe wake, na kwamba mpaka wa shina uko kichwani mwa mjumbe huyo na si kwenye faili lolote. Jambo hilo huelezwa vizuri zaidi mkiwa mmeketi pamoja, laptopu ikiwa wazi, mtumiaji akionyesha kwa kidole pale zana inapomkwamisha. Ndiyo sababu mikutano hii hutenga siku za kuandika msimbo pamoja baada ya mada kwisha.

Kikwazo kikubwa kwa Waafrika ni safari yenyewe: nauli, na viza ambazo hunyimwa hata watoa mada walioalikwa. Dawa iliyopatikana ni kuuleta mkutano huku. Django, programu huria ya kujengea tovuti, iliyozaliwa katika chumba cha habari cha gazeti la Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, ilikuwa na mikutano yake Marekani na Ulaya tangu 2008 na 2009. Novemba 2023 DjangoCon Africa ya kwanza ilifanyika Zanzibar, katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na Agosti 2025 ikafuata ya pili, Arusha. Kuwasilisha mada katika mikutano ya aina hii hakuhitaji cheo wala kampuni: mtu hutuma muhtasari mfupi miezi kadhaa kabla, kamati ikausoma na kuchagua, na mara nyingi kuna fungu la kuwasaidia nauli wasioimudu.